Usifungue Kichwa Kabla ya Kuangalia Tangi

Ninyi mnaosaga unga kwa kubonyeza swichi, nawaandikia ninyi. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya lirukeni twende mbele. Nimesimama kando ya injini ya dizeli sokoni Nyacheki tangu ndevu zangu za kwanza mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe, na si zote zilikuwa nyeupe kwa sababu ya unga. Sikuacha kazi kwa uzee. Niliacha kwa sababu moyo wangu ulikuwa unaruka midundo. Moyo uliruka kwa sababu ya tumbo, na tumbo lilifikishwa pale na watu ninaowajua kwa majina. Nitawataja. Walio hai na wasome.

Kisiagi chetu cha zamani kilikuwa na injini ya silinda moja, nzito kama fahali, na mkanda mrefu wa kupeleka nguvu kwa kinu. Kuiwasha unashika mkono wa chuma, unazungusha mpaka mishipa ya shingo isimame, kisha unaachilia kwa wakati wake. Ukichelewa kuachilia, ule mkono unakurudia. Jino langu la mbele liliendea hapo. Juu ya bomba la moshi tulivisha kopo la bati ili mlio ufike ng'ambo ya mto. Mama akiwa shambani anachuma majani chai anasikia tuk, tuk, tuk, anajua kisiagi kimewaka, anashuka na wimbi lake la kusaga. Kopo likilia vibaya, analipeleka kwenye kisiagi cha jirani. Kwa hivyo kitu cha kwanza nilichofundishwa hakikuwa kusaga. Kilikuwa kusikiliza.

Aliyenifundisha ni Mokua, mzee mfupi wa maneno na wa kimo, mwenye vidole vinane. Viwili vilichukuliwa na mkanda kabla sijamjua. Alikuwa na kijiti cha mti mgumu, urefu wa mkono hadi kiwiko. Anaweka ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye sikio, anafumba macho. "Bolti ya chini, upande wa ukuta, imelegea." Unaenda na spana, unakuta imelegea. Mimi nilidhani ni uchawi. Alinicheka, akanipa kijiti, akaniambia nisikilize injini ikiwa nzima kila asubuhi, mwezi mzima, ndipo nitaijua ikiugua.

Siku moja alienda mazishini Nyamira akaniachia kisiagi. Saa nne hivi injini ikaanza: tuk, tuk, kimya, tuk-tuk, kimya. Foleni ya wanawake imefika barabarani. Nikasema hii ni kazi ya kiume, nikaizima, nikachukua spana nikafungua kichwa cha injini. Bolti zote. Nikatoa vyuma nikavipanga juu ya gunia kama mtu anayeuza. Sikuona kibovu chochote, na sasa sikumbuki kipi kilitoka wapi. Mokua alirudi saa tisa akakuta wanawake wamekaa chini wanasuka vikapu.

"Umefanya nini?"

"Ilikuwa inaruka mdundo. Nikafungua kichwa."

"Na huko kichwani ulikuta nini?"

"Sijakuta kitu."

Alichuchumaa, akalegeza skrubu moja ndogo chini ya kikombe cha kuchujia dizeli. Yakatoka maji. Kikombe kizima cha maji safi, kisha ndiyo dizeli ikafuata. Mtu alikuwa ametuuzia dizeli yenye maji. Mokua akashika ukuta kwa kucheka.

"Mama zangu, kumbe tuna omobari hapa!"

Omobari, kwa ninyi mliokulia mjini, ni yule fundi wetu wa zamani aliyekuwa anafungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani, anakwangua mfupa, na mtu anaamka. Ni kazi ya kweli, na Wagusii wanajulikana kwayo.

"Mgonjwa anaumwa tumbo," Mokua akasema, "yeye anampasua kichwa!"

Wale wanawake walinibandika jina hilo hapo hapo. Mwaka mzima nikipita sokoni naitwa: "Omobari, kichwa kinaniuma, usije karibu!" Lakini sheria niliishika: injini ikiruka, kwanza angalia inakunywa nini. Niliishika kwa injini ile na kwa nyingine mbili zilizofuata. Kwa mwili wangu sikuikumbuka.

Sasa tumbo. Hamjui tumbo la msagaji kwa sababu ninyi hamuonji. Wimbi la kwetu linapurwa kwenye ua wa udongo, na udongo una mchanga. Mume akitafuna mchanga kwenye obokima, ugali wetu wa wimbi, anasema ni kisiagi kimemwaga vyuma. Kwa hivyo msagaji wa zamani anachukua unga kidogo kwa vidole viwili, anausugua, kisha anaulamba. Meno ya mbele yanakwambia. Kama kuna mchanga unamwita mwenyewe, naye analamba, mnakubaliana kuwa ulitoka nyumbani kwake. Hesabu mwenyewe ni unga mbichi kiasi gani unaingia mtu anayelamba wa kila mteja, siku tano kwa wiki. Jumamosi nilikuwa kanisani, sisi ni Wasabato, na Jumapili mwenye kisiagi alikifunga.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama. Obokima baridi na chinsaga, ile mboga chungu yetu, nikiwa na muda wa debe moja kupita kinuni. Namezea na chai. Debe likiisha nainama kufunga mfuko, na hapo tumbo linasimama kama ngoma iliyowambwa leo. Nabeua mbele ya watu. Na katika kule kuinama, moyo unaruka. Tuk, tuk, kimya. Halafu unapiga mmoja mkubwa, kama unataka kulipa ule uliopotea. Nikibeua gesi ikatoka, unatulia.

Hayo yalikuwa ya mwanzo, na nilikuja kuambiwa kwamba hayo peke yake hayangeniua. Mliomo kwenye kazi hii mle chakula mkiwa mmekaa. Hilo tu lingetosha.

Wa kwanza kwenye orodha yangu ni Ogeto, mwenye duka la dawa karibu na stendi. Alikuwa anavaa koti jeupe, na sijui nani alimvisha. Nilimwambia tumbo linajaa. Hakunigusa, hakuniuliza nakula nini. "Vidonda vya tumbo," akasema, akiwa anamhudumia mtu mwingine. Kwetu mtu akiumwa popote kati ya shingo na goti, ana vidonda vya tumbo. Akanipa vidonge, vikiisha nirudi, na nilirudi, na nilirudi. Siku nilipomwambia na moyo unaruka, alicheka. "Hiyo ni gesi inapanda juu, inausukuma moyo. Endelea na dawa." Kinachonikera mpaka leo ni kwamba nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nusu hiyo ilinifanya niamini yote.

Wa pili ni Onsongo, ndugu wa mke wangu. Alikuwa anauza mitumba Daraja Mbili, na jirani yake wa pale sokoni alikuwa mtu mmoja wa kipaza sauti, mwenye meza ya chupa na picha za matumbo yaliyooza. Onsongo alikuja Jumapili moja na kopo la unga wa kahawia.

"Shemeji, unajua tumbo lako lina uchafu wa tangu utoto?"

"Nani amesema?"

"Profesa amesema. Nimemsikiliza siku nzima nikiuza suruali. Tumbo ni kama sufuria. Wewe umepika miaka yote hujaosha."

"Na hii inaosha?"

"Inakwangua, shemeji. Mpaka unang'aa ndani. Mimi mwenyewe nimekunywa, nikakimbia mpaka majirani wakauliza kama kuna mwizi."

Nilicheka na nikanywa. Choo chetu kiko nyuma ya migomba, na Jumapili ile nilikanyaga njia ya kwenda huko mpaka nyasi zikalala. Jioni tumbo lilikuwa bapa kama la kijana. Sikubeua. Nikalala kama mtoto. Nikasema kwa miaka yote hii Ogeto amekuwa akinidanganya, na dawa ilikuwa Daraja Mbili. Tangu hapo kila Jumapili nilikunywa kijiko, kopo likiisha Onsongo analeta lingine, na kila Jumatatu nilikwenda kazini nikiwa mwepesi. Miguu ilianza kulegea, misuli ya paja inajikunja nikiwa nazungusha ule mkono wa chuma. Moyo nao uliacha kungoja chakula. Uliruka asubuhi nikiwa na njaa. Uliruka nikiwa nimekaa. Nilisema ni uchovu.

Wakati huo huo, walikuja watu wa afya kanisani kupima presha baada ya ibada. Yangu ilikuwa juu. Wakaniambia niende hospitali mjini Kisii, nikaenda, na daktari aliyekaa nyuma ya meza alikuwa Kwamboka.

Hapa inabidi nieleze, maana wengine wenu mmezaliwa Nairobi na mtasema huyu mzee ni mjinga. Kwamboka ni binti wa mtoto wa baba yangu mkubwa. Kwa hesabu yetu huyo ni binti yangu, kama niliyemzaa, naye ananiita tata, yaani baba. Na kati ya baba na binti kuna ensoni. Ensoni ni aibu, lakini ni aibu yenye sheria: kuna maneno ambayo hayapiti kati ya mzazi na mtoto wake, na choo ni mojawapo. Mimi sijawahi hata kumuuliza binti yangu wa kuzaa kama ameharisha. Nilimtuma mama yake. Ningekaa vipi mbele ya Kwamboka, niliyemwona akibebwa mgongoni, nimsimulie habari za nyuma ya migomba?

Alifanya kazi yake vizuri, na nalisema hili wazi ili asiingie kwenye orodha. Alipima presha mara mbili. Aliniuliza moyo.

"Unaruka kidogo," nikasema.

"Na tumbo, tata? Choo kinaendaje?"

Ukutani nyuma yake kulikuwa na kalenda yenye picha ya ng'ombe wa gredi, mweusi na mweupe. Nikamwangalia ng'ombe.

"Tumbo liko sawa, mwanangu."

"Kuna dawa nyingine unakunywa? Hata ya kienyeji?"

"Hakuna."

Akaandika. Kwa yale niliyomwambia alinipa dawa sahihi, vidonge vya presha, vile vinavyokukojoza. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili apime damu na moyo kwa mashine. Sikurudi. Wa tatu kwenye orodha, basi, ni mimi mwenyewe, na simpunguzii kwa sababu tunaishi pamoja.

Angalieni sasa. Nilikuwa tangi lenye matundu mawili chini, moja la Onsongo na moja la presha, na juu hakuna aliyekuwa anajaza. Kama ingekuwa injini ningeona siku ile ile.

Aliyeona ni Moraa. Huyu alikuwa mteja wetu, mama wa kijiji cha pili, aliyeolewa na mdogo wa mwisho wa babu yangu. Kwa umri angekuwa dada yangu mkubwa. Kwa ukoo ni nyanya yangu, ndiyo maana namwita magokoro, na mtu na nyanya yake hawana ensoni. Kwetu nyanya na mjukuu wanataniana bila breki. Moraa alikuwa akifika kisiagini ananiita mume wake, anauliza mbele ya watu nitamnunulia lini blanketi, na mimi namwambia angoje nipate meno ya kumtafunia nyama.

Siku hiyo alinikuta nimekaa juu ya gunia, mkono kifuani, injini inaendelea kusaga.

"Mume wangu, umeota ziwa?"

"Moyo, magokoro. Unaruka."

"Unaruka kwenda kwa nani?"

Alichukua kile kijiti cha Mokua kutoka kwenye msumari. Mokua alikuwa amekufa zamani, kijiti kilibaki. Akaniwekea ncha moja kifuani na nyingine kwenye sikio lake, akafumba macho kama alivyomwona Mokua akifanya miaka hiyo yote. Wanawake kwenye foleni wakaanza kucheka. Moraa hakucheka.

"Hii ingekuwa injini ningepeleka wimbi langu kwa jirani," akasema. "Unakunywa nini wewe?"

Nikamwambia. Kwake hakukuwa na shida. Nilimwambia kopo la kahawia, Jumapili, njia ya nyuma ya migomba, mara ngapi, rangi gani. Alinitania kwa kila kituo, na nilicheka mpaka machozi, na katika kucheka moyo uliruka tena mara tatu.

"Na Kwamboka alisemaje kuhusu kopo?"

"Sikumwambia."

"Hukumwambia?"

"Ni binti yangu, magokoro. Ningemwambiaje?"

Moraa aliacha utani. Akakirudisha kijiti kwenye msumari. "Basi nitaenda mimi nimwambie."

"Usithubutu. Utanivua nguo mbele ya mtoto."

"Utavuliwa na wale wanaoosha maiti," akasema. "Chagua."

Nilimwambia nitaacha kopo, nitaenda mwenyewe wiki ijayo. Sikuacha. Jumapili iliyofuata nilikunywa vijiko viwili, kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa tena na nilidhani linahitaji nguvu zaidi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku ya soko, foleni ndefu. Nilikuwa nimeinama kati ya kinu na mkanda, nafunga mfuko wa kitambaa unaotoa unga. Moyo haukuruka safari hii. Ulitetemeka, kama injini iliyoingiwa na hewa kwenye bomba la dizeli: trrrr, bila nguvu. Nikaona mkanda unakuwa mweusi, ukuta unakuwa mweusi. Nakumbuka nikifikiria vidole vya Mokua, na kwamba mkono wangu wa kulia uko upande wa mkanda. Nakumbuka pia kwamba sikuogopa, na hilo ndilo linalonisumbua sasa.

Nilipoamka nilikuwa chini, nje ya mlango, miguu ikiwa juu ya kizingiti. Moraa alikuwa amenivuta kwa mshipi wa suruali. Wimbi lake lilikuwa limemwagika gorogoro nzima, lile kopo la kupimia. Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa kinu kinachozunguka kitupu, nyundo zinapiga chekeche, na kitu cha kwanza nilichosema ni, "Mimina mahindi, kinavunjika." Moraa akanizaba kofi la shavu. Mtu akafunga dizeli. Wakanipakia kwenye Probox nyuma, Moraa akaingia nami akiwa na kofia yangu na gunia lake tupu.

Kwamboka alikuwa zamu. Walinifunga waya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatoa karatasi yenye mstari. Nilikuwa nimelala upande, nikaiona. Sijui kusoma karatasi hiyo lakini najua mdundo. Mdogo, mdogo, pengo, mkubwa mpana, mkubwa mpana. Nikajua hii haifiki jioni.

"Tata," Kwamboka akasema, sauti ya chini, "umekuwa ukitapika? Unaharisha?"

Ninyi, mtu akiwa karibu kufa huwa mnadhani anakuwa jasiri. Nilimtafuta ng'ombe wa kalenda. Chumba hicho hakikuwa na kalenda. Nikaangalia dari.

"Hapana, mwanangu."

Moraa alikuwa mlangoni, amezuiwa na mlinzi. Akampita chini ya mkono.

"Anaharisha!" akasema, kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia. "Anaharisha kila Jumapili kwa kupenda kwake! Anakunywa unga wa kahawia ambao shemeji yake amemletea kutoka Daraja Mbili, mara kumi anaenda, kama maji, Jumatatu anakuja kazini anasema ni mwepesi. Andika, binti. Na huyu Jumapili iliyopita alikunywa vijiko viwili, nimemuuliza ndani ya gari. Andika vijiko viwili."

Kulikuwa na wagonjwa wanaocheka. Mmoja alikuwa na mguu kwenye plasta. Nilifumba macho. Sijawahi kuwa uchi hivyo hata siku nilipotahiriwa.

Kwamboka hakucheka. Nilisikia kalamu yake, kisha viatu vyake vikienda haraka. Walitoa damu. Potasiamu, chumvi moja ya damu ambayo moyo unaitumia kushika mdundo, ilikuwa imeisha karibu yote. Kuharisha kulitoa, vidonge vya presha vikatoa iliyobaki. Waliirudisha kwa dripu, polepole, inachoma mshipa kama pilipili, nami nikiwa nimefungwa mashine muda wote. Wakasimamisha vile vidonge, baadaye wakanipa vya aina nyingine. Kesho yake mchana mstari ulikuwa umetulia. Mdogo, mdogo, mdogo, mdogo. Ningeweza kuusikiliza siku nzima.

Kwamboka alinieleza akiwa anaangalia karatasi zake, nami naangalia shuka. Tumbo na moyo ni majirani. Tumbo likijaa gesi linasukuma juu, na kuna mshipa mmoja wa fahamu unaopita kwa wote wawili, kwa hivyo kwa watu wengine moyo unaruka wakishiba. Hilo linatakiwa kuangaliwa, lakini mara nyingi si hatari. Hatari inaingia tumbo linapotoa maji na chumvi kuliko unavyorudisha. "Ungeniambia siku ile ya kwanza," akasema, hakumaliza. Na msikimbilie kula ndizi kapu zima kwa sababu mmesikia potasiamu. Aliniambia mtu mwenye figo mbovu inamzidia, na moyo unasimama kwa upande mwingine. Mkapimwe. Mbebe kila kopo mnalokunywa, muweke juu ya meza hata kama mdomo umeshindwa.

Wa nne kwenye orodha ni Nyakundi, mwenye kisiagi. Alikuja kuniona siku ya tatu. Alisimama kando ya kitanda, akauliza hali, kisha akauliza chekeche ilipasuka kabla sijaanguka au baada. Nilimwambia mimi nilikuwa nimelala. Nilipotoka alikuwa amefunga mota ya stima, na mtu wa kubonyeza. Sikubishana, kwa sababu Kwamboka alikuwa amenikataza kusimama karibu na mkanda. Lakini siku ya kuchukua vitu vyangu hakuniambia hata asante, na kile kijiti alikuwa amekitumia kuchochea moto wa chai. Nilimuonyesha kipande kilichobaki, nikamuuliza anajua ni nini. Akasema ni kuni.

Ogeto bado ana duka na koti jeupe. Onsongo alikuja kuniomba radhi na sukari kilo mbili, nikaichukua, na hatuzungumzi. Yule wa kipaza sauti nasikia alihamia soko jingine.

Baada ya hapo kila kliniki nilikwenda na Moraa. Alikaa kiti cha pili, Kwamboka anauliza, Moraa anajibu, na mimi namwangalia ng'ombe. "Choo?" "Mara moja, kigumu kama ngano ya zamani." "Tumbo linajaa?" "Akila haraka. Jana alikula haraka." Akishamaliza anasimama, anakung'uta leso, ananiambia, "Twende, mume wangu, umeshazungumza sana." Moyo ulikaa kwenye mdundo wake. Niliona mambo yamepata njia na sikutaka nyingine.

Moraa alifariki mwaka huu, wakati wa kupanda wimbi. Presha, na umri. Nilisimama kaburini na watu wakanitania, kwamba mjane gani ana ndevu. Hivyo ndivyo tunavyomzika nyanya.

Wiki tatu baadaye nilianza kuharisha. Sikunywa kitu, ilikuwa maji ya kisima baada ya mvua, nusu ya kijiji ilikuwa hivyo. Siku ya pili misuli ya paja ikajikunja. Siku ya tatu nilikaa kwenye kiti, nikaweka vidole viwili kwenye mkono: tuk, tuk, kimya, tuk-tuk. Nikaoga, nikavaa koti, nikaenda Kisii peke yangu.

Kwamboka alitazama kile kiti cha pili kabla hajanitazama mimi. Kisha akafungua faili.

"Tata. Tumbo?"

Kalenda ilikuwa mpya lakini ng'ombe alikuwa yule yule, au ndugu yake. Mweusi na mweupe, chuchu zimejaa, amesimama kwenye nyasi ndefu ambazo sijawahi kuziona kwetu. Nyuma ya sikio la kushoto alikuwa na alama nyeupe mfano wa jembe.

"Limefunguka," nikasema. "Siku ya tatu leo."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Nane. Jana tisa."

"Kama maji?"

"Kama maji."

Aliandika. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na karatasi kuliko inavyohitajika, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Kisha akasimama kwenda kuita mtu wa kuchukua damu, na akiwa mlangoni, bila kugeuka, akasema, "Asante, tata."

Kwato za yule ng'ombe zilikuwa safi. Mtu alikuwa amezipiga mswaki kabla ya picha.